Wakio na Sanduku Lisilotaka Mikono Mitupu

Nimeambiwa niandike habari za Wakio. Nimekataa mara tatu. Mara ya nne Jedidah, binti yake, akaja na daftari jipya na penseli iliyochongwa, akaviweka mezani kwangu akaenda zake, kama mtu aliyeacha mtoto kwa nyanya yake. Hakuuliza kama macho yangu yanaona. Hakuuliza kama mkono huu uliolima Ronge miaka hamsini unaweza kushika kijiti chembamba namna hii. Mimi nilisoma ngumbaru, shule ya watu wazima, miezi minne tu, benchi moja na huyo Wakio mwenyewe, na mwalimu wetu alihamishwa tukiwa tumefika kwenye "nyanya" na "ng'ombe". Kwa hiyo nikikosea, kosa ni langu, liacheni hapo lilipo. Sitaki mtu wa kunisahihisha. Na wale wanaosema kwamba ni Bwana Elijah wa mifugo peke yake aliyewasaidia watu wa Maungu mwaka ule wa njaa, wakae chini wasome mpaka mwisho.

Tryphena Wakio alizaliwa Ronge, huku milimani kwenye ukungu na migomba, akaolewa kule chini kwenye joto na mume Mkamba aitwaye Muli, mchimba visima. Waliishi Maungu. Muli alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na kila asubuhi kabla hajashuka kisimani alifunga koroboi, ile taa ndogo ya mafuta, kwenye kamba, akaiwasha, akaiteremsha polepole huku akiiangalia kama mtu anayeangalia uji usifurike. Koroboi ikiendelea kuwaka hadi chini, alishuka. Ikizima, hakushuka. Mwaka wa sitini na tisa kibarua mwenzake alitangulia kushuka bila kuuliza, akaanguka chini kama gunia. Muli akamfuata mbio kumtoa, na siku hiyo peke yake hakungoja koroboi. Walitolewa wote wawili kwa kamba, wamekufa, na hawakuwa na jeraha hata moja.

Wakio akahamia Voi na watoto wake, akapata kazi ofisi ya mifugo: kufagia, kuosha vikombe, kupika chai ya saa nne na ya saa kumi. Alikuwa mtu wa "kwa nini". Mtu mwingine akiona maziwa yamefurika anafuta jiko, lakini Wakio alisimama kwanza akajiuliza kwa nini maziwa yanapanda na maji hayapandi. Akawasha jiko tena, maziwa sufuria hii, maji sufuria ile, akatazama. Ofisi ikakosa chai siku hiyo. Alipogombezwa alisema, "Chai mtakunywa kesho. Hili nilikuwa sijui, na sasa najua nusu."

Mwaka ninaousema ni themanini na nne, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada. Mvua ilikataa. Kule tambarare majani yaliisha, ikabaki miiba, na miiba nayo mbuzi wakaimaliza. Ng'ombe wa Maungu walikuwa wamefungiwa karantini tangu Februari, kwa sababu walikuwa wanakohoa na wakubwa wakaogopa ni ule ugonjwa wa mapafu unaoambukiza. Malori ya wanunuzi yalikuwa yanapita pale barabarani, wenye malori wanachungulia ng'ombe kwa uchu, lakini hakuna ruhusa ya kuuza hata ndama. Ng'ombe anakonda mbele ya macho yako, mnunuzi yuko hatua ishirini, na sheria imesimama katikati.

Wifi yake Wakio, Nduku, dada wa marehemu Muli, alikuwa na ng'ombe kumi na wanne mwanzo wa mwaka. Kufika Agosti walibaki sita. Kila Jumamosi Nduku alikuja Voi, anakaa kwenye ngazi ya ofisi, anauliza swali moja.

"Wifi, wamesemaje?"

"Hawajasema."

"Basi nipe maji ninywe, nirudi nikawatazame wanavyolala."

Karantini ingeondoka kama Nairobi wangepima damu na kuikuta safi. Na damu ilikuwa imeshatolewa mara moja, mwezi wa nne, ikapelekwa kwenye ndoo ya barafu ya kawaida. Barafu ikawa maji kabla ya Mtito Andei. Kufika Nairobi vichupa vilikuwa vinanuka, vikamwagwa. Watu wa maabara wakasema watapokea mara moja tu tena, na ikiharibika hiyo, wangojewe mpaka mwaka mpya. Mpaka mwaka mpya Nduku angekuwa na ngozi sita ukutani, basi.

Hapo ndipo lilipokuja sanduku.

Lilifika Jumanne baada ya chakula cha mchana, ndani ya Landrova ya ofisi. Dereva alikuwa Alwi, mtu wa Voi mwenyewe lakini wazee wake wa pwani, mwenye kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono na mdomo usiolala. Lilikuwa sanduku la mbao, ndani limewekwa lile povu jeupe gumu linalokwaruza meno, na pembeni mwa kifuniko lilitoka moshi.

"Bi Wakio, shika huku," Alwi alisema. "Polepole, huyu ni bibi harusi wa Nairobi. Hataki kutikiswa."

"Mbona anaungua?"

"Haungui. Hiyo ndiyo baridi yake, yatoka hivyo hivyo. Nimekuja nayo toka Nairobi yavuta sigara kunishinda mimi."

Bwana Elijah Mwandawiro, afisa wa mifugo, alikuwa ameshapanda gari. Alikuwa kijana wa Wundanyi aliyesoma sana, mtu mwema, lakini wiki hiyo alikuwa na usingizi wa siku mbili machoni. Walikuwa wanakwenda Maungu kutoa damu ng'ombe wakiwa bado zizini asubuhi, kisha warudi kuchukua sanduku waondoke Nairobi moja kwa moja.

"Bwana Elijah, na hili nilifanyeje?"

"Liweke pahali pa baridi, mama. Maagizo yako kwenye karatasi hapo juu. Wewe si ulisoma ngumbaru? Soma." Akacheka kidogo, Alwi naye akacheka, gari likaondoka na vumbi lake.

Wakio hakupenda kile kicheko. Alilikokota sanduku hadi stoo, chumba kisicho na dirisha, cha kushuka ngazi mbili, maana hapo ndipo palikuwa na baridi kuliko pote. Akaliweka sakafuni, akakaa ngazini, akaanza kusoma kwa kidole, silabi kwa silabi.

Karatasi ilisema: BARAFU KAVU. USISHIKE KWA MIKONO MITUPU. USIZIBE SANDUKU. USIWEKE PASIPO NA HEWA.

Barafu kavu. Alisoma mara mbili, kwa sababu alidhani ameruka neno. Barafu ni maji, maji yatakuwaje makavu? Akaendelea. Mi-ko-no mi-tu-pu. Hapo akaitikia kwa kichwa, ameridhika, maana hilo alilielewa bila mwalimu. Kwao Ronge hakuna mtu mwenye adabu anayeingia nyumba ya watu akining'iniza mikono. Unabeba hata kama ni muhogo mmoja, hata kama ni kuni mbili. Kumbe na Nairobi kuna watu waliolelewa vizuri. Kitu hiki kimetoka mbali, kimekuja kuokoa ng'ombe wa watu, hakitaki kuguswa na mtu aliyekuja mikono mitupu. Sawa. Akaingiza mkono kwenye kiondo chake, akatoa ndizi mbivu aliyokuwa ameiweka ya kula saa kumi.

Msicheke. Mngefanya nini ninyi? Karatasi ilisema mikono mitupu.

Akashika ndizi kwa mkono wa kushoto, vizuri, mbele yake, kama mtu anayebisha hodi. Kwa mkono wa kulia akafunua kifuniko. Ndani aliona matofali manne meupe yaliyofungwa kwa gazeti, na moshi ukabubujika ukamwagikia miguuni kwake. Akafunua gazeti, akagusa tofali kwa vidole viwili. Vidole vilikuwa bado na maji ya kuoshea vikombe. Vilinasa.

Kwanza hakusikia kitu. Kisha akasikia moto, moto kabisa, kama aliyeshika kaa. Akavuta. Ngozi kidogo ikabaki kwenye tofali na ndizi ikaanguka ndani ya sanduku. Wakio alipanda ngazi mbio akatumbukiza vidole kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ya vikombe, akavishikilia humo mpaka weupe ukarudi kuwa wekundu. Mpaka jioni vilikuwa vimetoka malengelenge, yale yale ya mtu aliyeungua jikoni.

Mtu mwingine angefunga mlango wa stoo akakaa mbali. Yeye alikaa kwenye kigoda, vidole vimefungwa kitambaa, anawaza. Baridi imemchoma. Baridi na moto ni maadui, kwa nini kidonda chao kiwe kimoja? Na ndizi ile, zawadi yake, imepokelewa au haikupokelewa?

Akachukua koleo la makaa, akarudi, akaitoa ndizi. Ilikuwa imekuwa jiwe. Aliigonga kwenye ukingo wa meza, ngo ngo ngo, kama fundi anayerudisha mguu wa kiti. Ilikuwa nusu saa tu tangu ianguke. Hapo ndipo alipoamini kwamba damu ya ng'ombe ikiwekwa humo itafika hata Uganda.

Lakini bado lile neno "kavu" lilikuwa linamwasha. Akamega kipande kwa koleo, kadiri ya sabuni iliyobaki, akakiweka kwenye sahani ya bati juu ya meza ya jikoni. Akakaa mbele yake, ananingojea nije nishuhudie, maana siku hizo mimi nilikuwa nateremsha mboga kutoka Ronge kuuza pale getini na kila Jumanne nilipita kunywa chai. Nilimkuta hajapika.

"Unangoja nini?" nikamuuliza.

"Nangoja iloweshe sahani."

Tukangoja wote wawili. Kipande kilikuwa kinapungua, kinapungua, kinatoa ule moshi mwembamba, na sahani kavu. Nilipitisha kidole pembeni, hakuna hata umande wa maana. Kimepungua nusu, na hakuna tone.

"Kinaenda wapi?" Wakio akasema. Hakuwa ananiuliza mimi. "Kitu hakiwezi kwenda bila kwenda mahali."

Mimi nilikwenda kuuza mboga zangu. Yeye akakumbuka Nduku, akataka ayaone haya maajabu Jumamosi. Akachukua nusu iliyobaki kwa koleo, akaitia kwenye chupa ya chai ya ofisi, ile ya maua yenye kizibo cha gome laini la koki, akaikaza vizuri ili baridi isitoroke. Kila mtu anajua ukitaka kitu kikae, unakifunga. Akaenda kufagia veranda.

Hata hajamaliza veranda, alisikia mlio jikoni kama bunduki ya askari wa wanyama. Kizibo kilikuwa kimeruka, kimetoboa kalenda ukutani mahali pa mwezi wa Septemba, na chupa imesimama mezani inatoa moshi kama inajivuna. Wakio alishika kifua. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa, maana alikuwa ameshaona jambo hili mara nyingi utotoni. Mama yake alikuwa akipika mbangara, pombe yetu ya miwa, na kibuyu cha mbangara hakizibwi kabisa, kinawekewa majani tu mdomoni, kipumue. Mtoto asiyejua akikikaza, kibuyu kinapasuka na pombe inawaogesha watu. Usizibe sanduku. Kumbe ni hivyo! Barafu ile haigeuki maji, inageuka pumzi, na pumzi ikikosa njia inajitengenezea. Akashukuru Mungu kwamba ile ilikuwa koki. Ingekuwa chupa ya soda na kizibo cha bati, vigae vingekuwa machoni mwake.

Basi akajua mawili. Mikono na kizibo. Likabaki lile la tatu, pasipo na hewa, ambalo alikuwa amelidharau. Stoo haikuwa na dirisha, lakini panya waliishi humo na watoto wao, na panya hawaishi bila hewa.

Saa kumi na moja alishuka kuangalia sanduku. Kwenye sakafu, karibu na ngazi ya chini, palikuwa na panya amelala ubavu. Mtego ulikuwa kona nyingine, haujafyatuka. Hakuna damu. Wakio akainama kumshika mkia, na alipoinama, pua ikamwasha kwa ukali wa uchachu, kama mtu aliyecheua soda. Moyo ukaanza kwenda mbio bila sababu. Kichwa kikamzunguka. Akajinyanyua kwa kushika ukuta, akapanda ngazi ya kwanza, ya pili, akatoka nje, akavuta hewa ya Voi yenye vumbi na harufu ya reli, na hajawahi kuipenda hewa hiyo kama siku ile.

Alikaa kwenye veranda muda mrefu. Panya hana jeraha. Muli hakuwa na jeraha.

Ule moshi, sasa alikumbuka, haukupanda. Moshi wa moto unapanda darini. Huu ulimwagikia miguuni, ukatambaa sakafuni kama unatafuta kitu kilichoanguka. Na panya anaishi wapi? Sakafuni.

Akachukua koroboi ya jikoni, akaiwasha, akaifunga kwenye kamba ya kuanikia matambara. Hakushuka. Alisimama mlangoni akaiteremsha polepole, jinsi alivyomwona mumewe akifanya asubuhi elfu moja. Kufika usawa wa kiuno ilikuwa inawaka. Usawa wa goti ikayumba. Sakafuni ikazima, fu, wala hakuna aliyeipuliza. Akaivuta, akaiwasha, akairudisha. Ikazima. Mara ya tatu hakuhitaji, lakini alifanya, kwa sababu machozi yalikuwa yanamzuia kuona vizuri.

Kisha akafanya kazi. Akafungua mlango wa stoo akauwekea tofali, akafungua na wa mbele ili upepo upite, akapunga gunia pale mlangoni mpaka koroboi ilipokubali kuwaka hadi chini. Ndipo akaliburuta sanduku mpaka veranda ya nyuma, kwenye kivuli, mahali pa upepo. Sasa likamjia swali jingine, kwa sababu maswali yake hayaishi. Hapa nje ni joto, na barafu ikiisha, Nduku ameisha. Akaziba mapengo yote kati ya matofali kwa magazeti yaliyokunjwa, akishika kila kitu kwa koleo na vitambaa vinene. Akazungushia sanduku katani kavu, mabaki ya shambani yanayotumiwa kujazia magodoro, kama unavyomvisha mtoto mchanga. Kifuniko akakiacha kimelala tu, hakukikaza. Akalala hapo hapo veranda, juu ya benchi, si sakafuni.

Kesho yake saa nne Landrova ikarudi. Elijah alikuwa na macho mekundu na sanduku dogo la vichupa mkononi. Damu ilikuwa imeshaganda chini ya vichupa vikubwa, na yale maji yake ya juu, ndiyo wanayotaka Nairobi, ameyahamishia kwenye vidogo. Nduku alikuwa amekuja nao, amekaa nyuma na shuka begani.

"Wifi," alisema akishuka, "jana amelala mmoja tena, hakuamka. Wamebaki watano."

Elijah akafunua sanduku, akahesabu kwa macho, akapanga vichupa vyake katikati ya matofali. Halafu akatoa utepe mpana wa gundi, akaanza kuuzungusha kwenye kifuniko, raundi baada ya raundi.

"Bwana Elijah, huo utepe toa."

"Mama, chai iko wapi?"

"Chai iko jikoni. Utepe toa."

"Baridi itatoka yote. Alwi, pakia. Weka ndani hapo nyuma ya viti, na godoro langu pembeni. Nitalala mpaka Emali. Na madirisha funga kabisa, hili vumbi la leo litaniua."

Landrova ile ilikuwa ya bodi ngumu, si ya turubai. Sanduku ndani, mtu amelala sakafuni kando yake, madirisha yamefungwa. Wakio aliiona tena akilini ile koroboi ikizima. Alikwenda getini, akafunga kufuli, akatia ufunguo kifuani mwake mahali ambapo hakuna afisa wa serikali anayeweza kuutafuta.

"Makubwa haya!" Alwi akasema. "Bi mkubwa, wafanyani? Barafu imekupanda kichwani?"

"Mama Wakio," Elijah akasema, na sasa hakuwa anacheka, "kila dakika tunayosimama hapa hiyo barafu inaisha. Damu ikiharibika, hakuna nyingine mpaka mwaka mpya. Wifi yako huyo hapo. Mwambie wewe mwenyewe ni nani aliyetuchelewesha."

Neno hilo lilimwingia. Alimtazama Nduku, na Nduku alikuwa anamtazama yeye, mdomo umekauka. Ng'ombe watano. Mkono wa Wakio ulikwenda kifuani, ukagusa ufunguo.

"Wifi, fungua," Nduku akasema kwa sauti ndogo.

"Nitafungua. Nipeni muda wa kuwasha kiberiti."

Alileta karai la kufulia, akaliweka chini nyuma ya gari, mahali pasipo na upepo. Ndani ya karai akaweka koroboi, akaiwasha. Ya pili akaiweka juu ya boneti ya gari, akaiwasha nayo. Akakata utepe wa Elijah kwa kisu cha jikoni kabla hajakatazwa, akavaa matambara mikononi, akainamisha sanduku kidogo juu ya karai na kuachia kifuniko upana wa kidole. Moshi ukamwagika kama maziwa, ukaingia karaini, ukajaa taratibu. Ule mwali wa koroboi ukafupika. Ukazima.

Akaitoa, akaiwasha tena, akairudisha karaini. Haikufika hata chini. Ile ya juu ya gari ilikuwa inaendelea kuwaka.

"Hilo karai," Wakio akasema, "ndiyo sakafu ya gari lako. Hapo ndipo unapotandika godoro."

Alwi akavua kofia yake. Baba yake alikuwa mmoja wa waliovuta ile kamba Maungu.

"Ndivyo alivyokufa marehemu?" akauliza, sauti imeshuka.

"Ndivyo. Alikuwa na haraka."

Nduku akajifunika uso na shuka. Elijah alichuchumaa mbele ya karai akalitazama muda, kisha akainuka akaisoma karatasi ya sandukuni kana kwamba imebandikwa sasa hivi. "Ni hewa iliyogandishwa," akasema polepole, kama mtu anayejikumbusha somo la shule. "Ile tunayoitoa puani, ile ya kwenye soda. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa chini. Nilifundishwa, mama. Nilifundishwa kabisa."

"Basi ni pumzi iliyoganda," Wakio akasema. "Sasa nimejua inaenda wapi."

"Na hivyo vidole?" Elijah akauliza.

Ikabidi aseme. Akasema yote, na habari ya ndizi pia, kwa kiburi, kichwa juu. Elijah alijikaza, akashindwa. Alwi alijishika kwenye mlango wa gari.

"Mama yangu! Mikono mitupu ni bila glavu!" Elijah akasema.

"Kwa nini hawakuandika glavu?"

Elijah akaacha kucheka. Akafungua mkoba wake, na kutoka chini kabisa akatoa glavu mbili nene za ngozi, mpya, zimefungwa kwa uzi. Zilikuja na sanduku. Zilikuwa zimekaa mkobani mwake tangu jana.

Wakio alizitazama glavu, akamtazama yeye. Akakata ule uzi kwa kisu kile kile cha utepe.

Walisafiri hivi: sanduku nyuma kabisa, na katani yake, kifuniko kimefungwa kwa kamba moja tu ili kisidondoke. Madirisha yote wazi. Elijah amekaa mbele, wima, hakuna kulala. Walipumzika Mtito Andei na Emali, na kila mara walifungua mlango wa nyuma kwanza wakangoja kabla ya kuingiza kichwa. Alwi aliniambia kwamba walipofika Nairobi askari wa geti aliwauliza kama wanapeleka matofali, maana walikuwa wekundu hadi kope. Na ndani ya sanduku lilikuwa limebaki tofali moja, dogo kama Biblia ya mfukoni, na vichupa vimeganda kama mawe.

Barua ilikuja baada ya siku kumi na tisa. Damu safi. Kumbe kikohozi kilikuwa cha vumbi na njaa. Wiki hiyo hiyo Nduku aliuza watatu pale barabarani, akanunua chakula cha watu na cha wale wawili waliobaki. Mvua ya Novemba iliwakuta wamesimama.

Masanduku yaliendelea kuja miaka mingine, na yote yalipokelewa na Wakio mwenye glavu, na hakuna aliyemwuliza tena chai iko wapi akiwa nayo. Elijah aliwaandikia Nairobi wabadilishe maneno ya karatasi. Hawakujibu. Basi Wakio akaandika yake mwenyewe, akaibandika mlangoni pa stoo, na ilikaa hapo mpaka alipostaafu: VAA GLAVU. WACHA IPUMUWE. MLANGO WAZI. USILALE CHINI. Mkaguzi mmoja alitaka iondolewe kwa sababu ya lile "ipumuwe". Alwi alimwambia aingie stoo kwanza, afunge mlango, alale chini, kisha asahihishe.

Nimemaliza. Mkono unaniuma. Sasa zamu yako wewe uliyesoma, na usinifanye mjinga kwa kufunga daftari. Kazini kwako kuna karatasi imebandikwa mahali, ya dawa, au ya umeme, au ya mtungi wa gesi. Itafute. Msomee anayefagia hapo, umwulize ameelewa nini, na unyamaze mpaka amalize. Akielewa vingine, iandike upya kwa maneno yake, leo, si kesho. Kisha njoo Ronge uniambie alisema nini, nyumba yangu ni ile yenye migomba chini ya kanisa.

Na usije mikono mitupu. Hapo nasema ile ya kwetu.